Bila gari tutafika kwa simba? Jibu kwa mama anayepanga safari ya basi

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Hatuna gari. Yule mkubwa amesoma habari za simba shuleni na sasa hana wimbo mwingine. Nimewaahidi kwamba likizo hii nitawapeleka bustani ya wanyama iliyo mjini, halafu siku nyingine twende hifadhi iliyo mbali kidogo, ambako wanyama huzurura bila vizimba. Tutakuwa na mama yangu mzazi, ambaye goti humsumbua. Ramani ya simu inaonyesha kituo cha basi kilicho karibu na hifadhi kiko kilomita tatu kutoka langoni, na inasema nitatembea dakika 38. Jirani ananiambia niache kujisumbua, eti huko hawaendi ila wenye magari. Ni kweli? Na tukifika, tutaruhusiwa kuingia kwa miguu? Kinachonitisha zaidi ni kukwama huko jioni na watoto."*

Dada, umeuliza mambo matatu, lakini lililokukaa moyoni ni hilo la mwisho, la kukwama. Na hapo umegusa penyewe. Nilianza kazi kwenye dirisha la tiketi la bustani ya wanyama, kisha nikahamia kupanga njia za mabasi, na katika miaka yote hiyo sikuona familia nyingi zilizoshindwa kufika. Wale niliowakuta nje ya lango lililofungwa, mtoto amelala begani na mkubwa anauliza tunaenda lini nyumbani, walikuwa wamefika vizuri kabisa. Walichoshindwa ni kurudi. Kwa hiyo nitakujibu yote, lakini jibu langu lote linaegemea hapo: safari ya wanyama kwa basi hupangwa kuanzia mwisho.

Nianze na jirani yako. Kuhusu bustani ya mjini, amekosea. Kuhusu hifadhi, amepatia nusu. Ukijua kwa nini maeneo haya mawili yanatofautiana hivyo, utaweza kupima bustani au hifadhi yoyote hata kabla hujaangalia ratiba.

Bustani za zamani zilijengwa kabla ya magari, na zilijengwa pale watu walipoweza kufika kwa miguu, kwa farasi, kwa tramu au kwa treni. Ile ya Schönbrunn mjini Vienna ni ya mwaka 1752. Ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa wanachama wa chama cha wanazuolojia, yaani wataalamu wa elimu ya wanyama, na ilipofika 1847 wananchi wote wakaruhusiwa kuingia. Ya Antwerp nchini Ubelgiji ni ya 1843, na hadi leo imepakana na stesheni kuu ya treni. Msafiri akitoka stesheni lango liko ubavuni mwake. Ya Berlin ilifunguliwa 1844, na stesheni iliyokuja kujengwa jirani yake ikachukua jina la bustani yenyewe, Zoologischer Garten. Ueno ya Tokyo, ya mwaka 1882, nayo iko hatua chache kutoka kwenye moja ya stesheni kubwa za jiji. Katika maeneo ya aina hiyo msafiri wa basi ndiye mwenyeji. Anayetaabika ni mwenye gari, anayezunguka mitaa akitafuta pa kuegesha.

Hifadhi za wazi na mbuga za kupita na gari zina historia nyingine. Kadiri watu walivyotaka kuwaona wanyama kwenye nafasi kubwa, ndivyo maeneo hayo yalivyosogea nje ya miji kufuata ardhi. Whipsnade nchini Uingereza ilifunguliwa 1931 kwenye eneo la takriban hekta 240, mashambani, na chama kilekile chenye bustani ya London. Mwaka 1966 Longleat, Uingereza vilevile, ikawa mbuga ya kwanza nje ya Afrika ambapo mgeni anapita katikati ya simba akiwa ndani ya gari lake. Eneo lililobuniwa namna hiyo halikumfikiria anayekuja kwa basi, kwa sababu gari ni sehemu ya onyesho lenyewe. Na hifadhi za taifa hazikuwekwa kwa ajili ya wageni kwanza. Ziliwekwa pale wanyama walipokuwa, na wanyama hawakuchagua kukaa karibu na stendi.

Upande wa mabasi nao una hesabu zake. Njia ya basi huishi kwa abiria wa kila siku: wafanyakazi, wanafunzi, watu wa sokoni. Wageni wa hifadhi huja wote kwa mkupuo asubuhi, huondoka wote jioni, na katikati ya siku basi linazunguka tupu. Zaidi ya hapo, lango la hifadhi mara nyingi liko mwisho wa barabara isiyoelekea popote pengine. Dereva akiingia huko, abiria wote wengine wanaongezewa safari isiyo yao. Ndiyo maana basi linakushusha njia panda na kuendelea. Ukikuta kituo kiko kilomita tatu kutoka langoni, usione kama kuna mtu amesahau kazi yake. Hapo ndipo hesabu ya basi ilipoishia, na kipande kilichobaki, kile kifupi cha mwisho, ndicho unachotakiwa kukipangia wewe.

Tuanze na bustani ya mjini, maana hiyo haina maneno mengi. Hakikisha kwanza ni bustani ipi unayoiendea. Unaweza kucheka, lakini nimeona watu wakishuka upande usio wao wa jiji wakiwa na tiketi sahihi mkononi. Berlin ina bustani mbili kubwa, moja magharibi na nyingine, Tierpark, iliyofunguliwa mashariki mwaka 1955 jiji lilipokuwa limegawanyika. Paris inayo ile ya Jardin des Plantes, ya tangu 1794, na nyingine ya mwaka 1934 huko Vincennes. San Diego, Marekani, shirika moja lina bustani ndani ya jiji na eneo la wazi lililo karibu kilomita 50 kaskazini, na majina yake yanafanana. Soma anwani iliyo kwenye tiketi. Usitegemee jina peke yake.

Jambo la pili ni lango. Bustani kubwa ina malango zaidi ya moja, na kituo chenye jina la bustani huenda kimekaribiana na lango la nyuma, linalofungwa mapema au lisilouza tiketi. Bustani ya Bronx mjini New York ina ukubwa wa zaidi ya hekta 100. Ukishukia upande usiofaa, utauzunguka uzio mrefu kabla watoto hawajaona hata mkia wa nyani. Tiketi au ukurasa wa bustani ukitaja lango kwa jina, tafuta kituo cha lango hilo.

Tatu, na hili nalisema kwa ajili ya goti la mama: mwinuko. Ramani ya simu inakupa mita za kwenda mbele, lakini goti linahesabu mita za kupanda na kushuka. Bustani ya taifa ya Washington iko katikati ya stesheni mbili za treni ya chini ya ardhi, Woodley Park na Cleveland Park. Kwenye ramani zinaonekana sawasawa, lakini kutoka Woodley Park unapanda, na kutoka Cleveland Park njia ni tambarare zaidi. Na ukishaingia, njia kuu inateremka kuelekea kijitoni, maana yake utapanda wakati wa kutoka, ukiwa umechoka. Taronga ya Sydney, ambako watu hufika kwa kivuko kutoka Circular Quay, imejengwa ubavuni mwa mlima unaotazama bandari. Wanaoijua hupanda basi kutoka gatini hadi lango la juu, kisha hutalii wakiteremka taratibu mpaka kwenye kivuko. Tafuta mbinu ya namna hiyo kwa bustani yako. Uliza lango lipi liko juu na lipi liko chini, na kama wanaazimisha au kukodisha viti vya magurudumu. Bustani nyingi zinavyo, ila ni vichache, na anayepiga simu siku moja kabla ndiye anayekipata. Mama akisema "mimi bado natembea," mwambie kiti kitabeba mikoba mpaka atakapokihitaji. Wazee wengi nimewaona wakikikubali kwa njia hiyo.

Sasa hifadhi. Nianze na zile dakika 38, kwa sababu namba hiyo imepotosha watu wengi. Simu imechukua mwendo wa mtu mzima mmoja, mwenye afya, asiyebeba kitu, asiyesimama. Kilomita tatu hizo, ukiwa na mtoto wa miaka minne anayeokota kila jani na mama mwenye goti bovu, ni saa moja na robo, au zaidi jua likiwa kali. Halafu kuna kurudi, na mtoto huyohuyo sasa yuko mgongoni mwako.

Mwendo si kasoro pekee ya ramani hiyo. Mara nyingi inapima hadi katikati ya eneo la hifadhi, au hadi sehemu ya uzio iliyo karibu zaidi na barabara, si hadi lango la wageni. Nimeiona ikielekeza watu kwenye lango la malori ya chakula cha wanyama. Tena haijui kama barabara hiyo ina njia ya waenda kwa miguu. Barabara za kwenda hifadhini kwa kawaida ni nyembamba, magari yanakwenda kasi, na bega la barabara ni majani. Kama ni hifadhi ya wanyamapori wa kweli, isiyo na uzio, basi wanyama hawaishii langoni. Nyati na tembo hawasomi kibao cha "Karibuni", na kiboko hutoka majini kwenda malishoni giza likiingia. Kwa hiyo kwa swali hilo dogo jibu langu ni fupi: wewe na watoto na mama msitembee hizo kilomita tatu, wala asubuhi, wala hasa jioni.

Badala yake kuna njia nne, na kila moja ina bei yake ya pesa au ya usumbufu.

Ya kwanza ni basi dogo la hifadhi yenyewe au la mji wa jirani, linalochukua wageni kutoka stesheni. Hifadhi nyingi kuliko watu wanavyodhani zina huduma hii, ila hazionekani kwenye ramani ya simu kwa sababu si sehemu ya usafiri wa umma uliosajiliwa humo. Bustani ya Singapore, iliyo Mandai pembezoni mwa jiji, haina treni mlangoni, lakini basi la wageni hupakia kutoka stesheni ya Khatib. Udhaifu wa mabasi haya ni kwamba mengine hutembea wikendi tu, au msimu wa likizo tu, na viti vyake huisha. Kama lipo, ndilo la kukimbilia.

Ya pili ni kushuka mji wa mwisho kabla ya hifadhi, si njia panda, na kukodi teksi kutoka hapo. Watu wengi hufanya kinyume: wanalipanda basi mpaka kituo kilicho karibu zaidi na lango, kisha wanajikuta porini hakuna hata pikipiki. Ni afadhali ushukie kilomita kumi kabla, mahali penye stendi na magari, kuliko kilomita tatu kabla mahali pasipo na mtu. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Kwenda ni rahisi, maana madereva wanakaa pale abiria walipo, yaani mjini. Kurudi ni kugumu kwa sababu hiyohiyo: jioni wewe uko porini na dereva yuko mjini, na hana sababu ya kuja mtupu kwa nauli moja. Programu ya teksi ya simu itakuonyesha gari asubuhi na isikuonyeshe hata moja jioni, kama mtandao wenyewe utakuwepo. Kwa hiyo usimlipe dereva wa asubuhi nauli ya kwenda tu. Patana naye nauli ya kwenda na kurudi, mkubaliane saa na mahali hasa, chukua namba yake ya simu, na umpe sehemu kubwa ya malipo mkisharudi. Chukua na namba ya dereva wa pili pale stendi.

Ya tatu ni kujiunga na safari ya siku moja ya kikundi, basi au gari la watalii linalotoka mjini asubuhi na kurudi jioni. Ukilinganisha tiketi kwa tiketi itaonekana ghali. Ongeza nauli za basi za watu wanne, teksi ya kwenda na kurudi, na gari la kutembelea ndani ya hifadhi, halafu linganisha upya. Kwa familia kama yenu pengo hupungua sana, na mara nyingine hugeuka. Unachopoteza ni uhuru. Mtoto wa miaka minne akichoka saa sita mchana, kikundi hakiwezi kuondoka kwa ajili yake.

Ya nne ni kulala karibu na lango usiku mmoja. Hii naipenda kuliko zote, na sababu ni wanyama wenyewe. Simba anaweza kulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku, na wanyama wengi wa nyika huonekana wakitembea alfajiri na jioni, wakati wa baridi. Anayetoka mjini na basi la kwanza anafika saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshapanda, simba kajilaza kichakani na mwanao anaona sikio moja. Mkilala jirani mnaingia lango linapofunguliwa, na mnatoka mchana huku mabasi ya kurudi yakiwa bado mengi. Unalipia kitanda, lakini unajiondolea ile hofu ya jioni. Kama mfuko unaruhusu usiku mmoja tu likizo nzima, uweke hapo.

Uliuliza kama mtaruhusiwa kuingia kwa miguu. Kwenye mbuga ya kupita na gari, na kwenye hifadhi nyingi zenye simba, tembo au nyati, hapana, na hakuna wa kubembelezwa langoni. Ni vizuri watoto waelezwe sababu, kwa sababu wao hufikiri ni ukali tu wa askari. Wanyama waliozoea magari huliona gari pamoja na watu walio ndani yake kama kitu kimoja kikubwa, kisichowinda na kisichowindwa. Mtu akishuka, au hata akisimama na kutoa kiwiliwili nje, umbo lile linavunjika, na sasa mnyama anaona binadamu, ambaye anamjua kama hatari au kama kitu cha kujaribiwa. Mtoto mfupi anayekimbia na kupiga kelele ndiye anayevuta macho ya simba kuliko sote.

Lakini "huwezi kuingia kwa miguu" haimaanishi "huwezi kuingia bila gari lako". Werribee, kilomita kama 30 kutoka Melbourne nchini Australia, ina nyanda za wazi zenye vifaru na twiga, na mgeni huzunguka kwa basi la hifadhi ambalo limo ndani ya tiketi. Lile eneo la nje la San Diego nalo lina gari lake la kuwazungusha wageni wote. Huko, aliyekuja na gari analiacha nje na kupanda lilelile analopanda aliyekuja kwa basi. Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, hupeleka wageni porini kwa magari ya hifadhi pamoja na waongozaji wake, ukiweka nafasi mapema. Pia kuna hifadhi zinazoruhusu miguu kabisa, kwa kuwa aina ya wanyama na mandhari inaruhusu. Hell's Gate nchini Kenya, iliyotangazwa 1984, hujulikana kwa watu wanaoingia kwa miguu na kwa baiskeli kati ya pundamilia na swala.

Na kuna njia ya kati ambayo wazazi huisahau. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya tangu 1946, iko kilomita kama saba tu kutoka katikati ya jiji, na huwezi kuitembelea kwa miguu ovyo. Lakini pale kwenye lango lake kuu kuna kituo cha kulelea wanyama na njia ya miguu iliyoinuliwa, ambako mtoto anawaona simba na chui bila kuhitaji gari lolote. Tafuta kama hifadhi yako ina kitu cha namna hiyo langoni. Kwa mtoto wa miaka minne, hapo panaweza kutosha.

Usichanganye, hata hivyo, kupita hifadhini na kuingia hifadhini. Barabara kuu ya kwenda Mbeya kutoka Dar es Salaam hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria huona twiga na tembo dirishani. Treni ya Mombasa hadi Nairobi hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi na kusimama Voi, mji ulio jirani na lango. Ni bahati nzuri kwa msafiri, na stesheni kama Voi ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini kumwomba kondakta akushushe katikati ya mbuga ni kujitafutia balaa, na kondakta mwenye akili atakataa.

Turudi kwenye kurudi. Chukua ratiba ya basi la jioni na uisome kutoka chini kwenda juu. Tuseme basi la mwisho linapita 17:40, na lililo kabla yake 16:40. Basi lako ni la 16:40. Lile la mwisho ni akiba, na akiba hailiwi kwa hiari. Ili uwe kituoni 16:30, teksi itoke langoni 16:10. Ili wote wanne muwe langoni saa hiyo, mmeshakwenda chooni, mmehesabu kofia na chupa za maji, anzeni kuelekea lango 15:30. Kwa hiyo siku yenu hifadhini inaishia saa tisa na nusu, hata kama kibao kinasema wanafunga saa kumi na mbili jioni. Andika saa hiyo kwenye karatasi na mwambie yule mkubwa awe mtunza saa. Watoto wa miaka tisa hawana mchezo na kazi ya aina hiyo. Na kwa kuwa ratiba nyingi huandikwa kwa saa 24, zigeuze zote kwa saa zetu mapema, nyumbani, siyo pale kituoni watoto wanakuvuta nguo. Nimeona 17:00 ikisomwa saa moja usiku.

Kuna mtego mmoja ulionipata mimi mwenyewe. Nilipeleka kikundi cha watoto siku ya sikukuu, ratiba nilikuwa nayo mkononi, nimeikagua mara mbili. Ilikuwa ratiba ya siku za kazi. Basi la jioni halikuwepo kabisa siku hiyo, na maandishi yanayosema hivyo yalikuwa chini, kwa herufi ndogo, na mimi sikuyasoma. Tulikaa kando ya barabara mpaka giza likaingia, ndipo mzazi mmoja akapata basi la kukodi. Hakuna aliyeumia, lakini nyuso za watoto wale ninazo hadi leo. Jumapili na sikukuu, siku ambazo familia hutoka, ndizo siku ambazo mabasi hupunguzwa, kwa sababu wale abiria wa kila siku wamebaki nyumbani. Kwa hiyo kwenye ratiba usiangalie saa tu. Angalia imeandikwa ni ya siku gani. Na kama shughuli ni ya usiku, hesabu upya kabisa: bustani ya usiku ya Singapore, iliyofunguliwa 1994, hufunga saa sita usiku, ambapo na treni za jiji zinakaribia kulala.

Yapo mambo ambayo mimi kutoka huku siwezi kukupatia, na hapo nenda kwa watu wenyewe. Piga simu hifadhini, usitume ujumbe, na badala ya kuuliza "naweza kuja kwa basi?" uliza hivi: "Wafanyakazi wenu wasio na gari wanafikaje kazini, na wanarudije?" Mapokezi wanaweza kukujibu kwa mazoea kwamba njooni na gari. Lakini wanaofagia, wanaolisha wanyama na wanaouza tiketi wengi wao hawana magari, na kila siku wanafika. Wao ndio wanaojua basi gani kweli hupita, dereva gani haaminiki, na kwamba kuna gari la wafanyakazi la saa kumi na moja ambalo huwachukua wageni likiwa na nafasi. Swali hilo limenipa majibu ambayo hakuna ramani iliyowahi kunipa.

Nenda pia stendi siku moja kabla, umwone msimamizi wa njia hiyo uso kwa uso, umuulize kuhusu basi la siku ile hasa. Kama mama atahitaji msaada wa kupanda na kushuka treni, stesheni nyingi hutoa msaada huo, ila wataka taarifa mapema. Kuhusu goti lenyewe, likiwa linavimba au kumwamsha usiku, aonwe na daktari kabla hujalipia chochote. Siku ya safari isiwe ndiyo siku ya kulijaribu. Na mkifika hifadhini mkaambiwa kuna tembo waliotoka nje ya eneo au barabara imekatika, msitafute njia ya mkato. Kaeni langoni, ofisi ya askari wa hifadhi ndiyo iwatafutie usafiri.

Kama ningekuwa mahali pako, ningeanza na bustani ya mjini, siku ya kazi, kwa basi la kwanza baada ya wafanyakazi kwisha kupita, na ningeitumia siku hiyo kama mazoezi. Tazama mdogo anachoka saa ngapi. Tazama mama anahitaji kukaa baada ya mwendo gani. Hesabu ni dakika ngapi zinapita kati ya "haya, twendeni" na nyinyi kutoka langoni kweli. Namba hizo tatu ni zenu wenyewe, na ndizo utakazoweka kwenye ile ratiba ya kusoma kutoka chini kwenda juu mtakapokwenda hifadhini. Mkirudi kutoka bustani ya mjini, kabla hata hamjavua viatu, muulize mwanao mkubwa simba aliyemwona alikuwa anafanya nini. Akisema alikuwa amelala, basi una sababu ya kutosha ya kutafuta kitanda karibu na lango la hifadhi na kuingia alfajiri.